Ndoo ya machicha ina chakula kiasi gani? Kulisha ngulube (nguruwe) kwa mabaki ya lutuku (pombe kali ya kienyeji) na bia, Lubumbashi

Kila Jumanne na Ijumaa, kabla sijatoka kwenda shuleni, kijana mmoja wa kinga (baiskeli, kwa wasomaji wa mbali) hunishushia bido (madumu) mbili za machicha ya lutuku kutoka mtaa wa Katuba. Dreshi, mabaki ya nafaka ya kiwanda cha bia, huja Jumamosi, kwa gari tunalochangia na majirani wawili huku barabara ya Kafubu. Nina ngulube 14: majike 3, dume 1, na 10 wanaokua. Mimi ni mwalimu wa hesabu, wanafunzi wananiita Prof, na majirani wameongeza lao, nimekuwa Mama Prof. Nayasema haya ujue kwamba sikusomea mifugo. Kilichoniokoa ni mizani ya jikoni na kalamu.

Mwaka wa kwanza nilifanya walichofanya wote: machicha asubuhi, dreshi jioni, hori lijae, ngulube ashibe. Walishiba kweli. Matumbo yalining'inia karibu na sakafu, migongo ikabaki kama ubao wa kufulia. Baada ya miezi 9 aliyekuwa mkubwa kuliko wote alikuwa na kilo 42, na bei aliyonitajia mchinjaji niliona haya kuifikisha nyumbani. Ndipo akaja muyomba (mjomba) wangu kutoka Kipushi, mtu aliyefuga tangu mimi nikiwa mtoto. Hakuuliza kitu. Alitumbukiza mkono horini, akatoa konzi ya dreshi, akaifinya, maji yakachuruzika hadi kiwiko.

"Mwipwa wangu," akasema, "hawa huwalishi. Unawanywesha."

Kinachobaki pombe ikishatoka

Punje ya mahindi ni wanga kwa karibu theluthi mbili. Pombe inapochachuka, chachu hula sukari iliyotokana na wanga huo na kutoa vitu viwili: alkoholi, na ile hewa inayopiga mapovu ndani ya pipa. Haina haja na nyuzinyuzi, mafuta, madini, wala na sehemu kubwa ya protini. Kwa hiyo, kazi ikifanyika vizuri, kilo 100 za mahindi hugawanyika mafungu matatu yanayokaribiana: theluthi alkoholi, theluthi hewa, theluthi mabaki makavu. Chochote ambacho hakikuwa wanga sasa kimejikusanya mara tatu. Mahindi yenye protini 8 au 9 kwa 100 huacha mabaki yenye karibu 27. Fosforasi, iliyokuwa kama 0.3, hufika 0.7 au zaidi, tena ngulube huipata kwa urahisi kuliko ile ya mahindi mabichi, kwa sababu uchachushaji umeifungua.

Kule Marekani zaidi ya theluthi moja ya mahindi yao huenda kwenye viwanda vya ethanoli ya magari, na mabaki hukaushwa yakawa unga wa rangi ya dhahabu unaouzwa kama chakula cha mifugo. Utafiti mwingi kuhusu mabaki haya na ngulube umefanywa juu ya unga huo. Umeonyesha kwamba ngulube anayekua anaweza kula hadi 30 kwa 100 ya mlo wake kutoka humo bila kudorora, mradi mlo wote umepangwa sawasawa. Watu husoma namba hiyo ya 30 wakaibandika kwenye bido lao la Katuba. Hapo ndipo wanapoangukia, maana unga ule ni mkavu kwa 88 au 89 kwa 100, na bido letu ni kinyume chake.

Huku kwetu tuna vitu viwili. Cha kwanza ni machicha ya lutuku, kile kinachobaki ndani ya pipa baada ya kupikwa: maji ya kijivu yenye tope la mahindi chini, na chachu iliyokufa yote imo. Cha pili ni dreshi. Dreshi haikuona chachu kabisa: ni shayiri iliyooteshwa, pamoja na nafaka nyingine kama ilichanganywa, iliyosafishwa sukari kwa maji ya moto kabla uchachushaji haujaanza. Maganda yote ya shayiri yamebaki mle. Protini yake ni nzuri, 20 hadi 28 kwa 100 ya ukavu (kile kinachobaki maji yote yakitoka), lakini nyuzinyuzi ni nyingi, na tumbo la ngulube si tumbo la ng'ombe. Ng'ombe ana chumba kizima cha kuchachusha majani. Ngulube ana utumbo mpana tu, tena wa ngulube mdogo haujakomaa.

Pima ukavu kabla hujapima kingine

Hii ndiyo kazi ninayotaka uifanye juma hili hata kama hutafanya nyingine yoyote. Koroga bido au gunia mpaka tope la chini lipande. Usipokoroga utapima maji ya juu na kujidanganya. Chukua kilo moja kamili ya dreshi, au lita moja ya machicha, uiweke kwenye sufuria pana juu ya mbabula (jiko) yenye makala (makaa) machache sana. Geuza kwa kijiko. Kisikaangike, kisigeuke rangi, kikauke tu. Kikionekana kikavu, pima uzito, rudisha motoni robo saa, pima tena. Uzito ukigoma kushuka, umefika.

Kilo yangu ya dreshi iliacha gramu 220. Lita ya machicha iliacha gramu 65. Nilirudia mara tatu kwa kutoamini.

Sasa fuata hesabu. Bido la lita 20 ni gramu 1,300 za ukavu, yaani kilo 1.3. Ngulube wa kilo 40 anataka karibu kilo 1.7 za chakula kikavu kwa siku. Wanne ni kilo 6.8. Bido zima, lililobebwa kwa kinga kutoka Katuba mpaka barabara ya Kafubu, linawapa wanne wale chini ya moja ya tano ya chakula cha siku moja, na limekwisha kuwajaza tumbo. Ukiona ngulube amevimba mbavuni na bado anapiga kelele saa 1 baada ya kula, anakwambia hesabu hiyohiyo kwa lugha yake.

Bei pia ipige kwa ukavu. Gunia la dreshi mbichi la kilo 50 lina kilo 11 tu za chakula. Tuseme limekufikia nyumbani kwa faranga 11,000, nauli ikiwemo: kilo ya dreshi umeinunua faranga 1,000, si 220. Kwa namba hiyo sasa unaweza kuisimamisha kando ya pumba za mahindi sokoni na kuchagua. Kuna majuma pumba hushinda, na juma hilo sinunui dreshi.

Muulize mpishi alichopika

Nanunua machicha kwa mama mmoja tu, na nimejenga naye urafiki kwa makusudi, kwa sababu jina lutuku halisemi kitu kuhusu kilichomo. Lutuku ya mahindi na kimea chake huacha machicha niliyoyaeleza. Lutuku ya mihogo ni jambo jingine: mhogo mkavu una protini 2 au 3 kwa 100, hata ukijikusanya mara tatu hufiki popote. Na siku hizi kuna ya sukari. Ile ikipikwa, kinachobaki ni maji yenye chachu kidogo.

Mwanzoni nilikuwa nabeba zote. Siku moja nilimkuta anakinga pipa la mwisho, nikashusha bido zangu, akaniwekea mkono begani. "Mama Prof, ya leo ni ya sukari. Utabeba maji bure." Tangu siku hiyo mtoto wake hunitumia ujumbe wa neno moja: mahindi, mihogo, sukari. Ya mihogo naichukua kidogo, kwa ajili ya majike wenye mimba tu. Ya sukari naiacha.

Kuna na jambo la kimea. Kimea kikiwa kidogo au pipa likiharakishwa, wanga haugeuki wote, unabaki kwenye machicha. Hilo si baya kwa ngulube, ni nguvu mwilini, ila protini inakuwa chini ya ulivyotarajia. Mwenzangu anayefundisha kemia alinionyesha njia ya haraka: tone la iodini, ileile ya kupaka kidonda, kwenye kijiko cha machicha yaliyopoa. Yakigeuka bluu nzito karibu na nyeusi, wanga bado umo mwingi. Yakibaki kahawia ya iodini yenyewe, wanga umekwisha.

Angalia na rangi na harufu. Tope likiwa la hudhurungi hafifu na linanukia mkate mchachu, sawa. Likiwa jeusi na lina harufu ya kuungua, limegandia chini ya pipa na kuteketea. Moto mkali huifunga protini na sukari pamoja, na cha kwanza kuharibika ni lisini, kipande kimoja cha protini ambacho ndicho tunachokitafuta. Hata wanunuzi wa ule unga wa viwanda vya ethanoli hutazama kwanza rangi: wa dhahabu hununuliwa, wa kahawia iliyokolea hutiliwa shaka.

Machicha yapoe kabisa, kisha muulize mpishi kama pipa lilifika mwisho. Nilisema ningeficha hili, lakini acha nilisimulie. Aprili moja mpishi alipungukiwa makala, akazima kabla alkoholi haijatoka yote, na mimi nikamwaga bido horini bila kunusa. Ngulube wangu sita walilewa. Mmoja alilala kifudifudi ndani ya hori, mwingine alisimama akisukuma ukuta kwa pua kama anayetafuta mlango. Watoto wa mtaa walijaa kwenye uzio. Hakufa hata mmoja, ila wawili hawakula siku iliyofuata, na hadi leo kuna mwanafunzi huniuliza kama ngulube wangu wamelipia bili. Ukisikia harufu ya pombe, chemsha machicha bila kifuniko, nje, mpaka harufu ikome.

Lisini, au kwa nini protini nyingi haiwi nyama

Baada ya kujua habari ya maji, nilifanya kosa la pili, la wenye akili. Nilikausha dreshi, nikawapa nyingi, nikajua protini ipo. Walikua kidogo kuliko nilivyotaka, na zizi likaanza kunuka mkojo mkali unaochoma macho.

Nawaelezea wanafunzi hivi. Una kitambaa cha kushona mashati 40 ya sare, na vifungo vya mashati 15. Utatoa mashati 15. Kitambaa kilichobaki ni kizuri, lakini hakina kazi. Protini ni shati, na kwa ngulube kifungo kinachokwisha kwanza karibu kila mara ni lisini. Mahindi yana lisini kidogo kwa asili yake, na kuyachachusha hakuongezi ya kutosha, hata kama chachu inasaidia kidogo. Protini isiyopata kifungo mwili huivunja, naitrojeni yake ikatoka na mkojo. Ile harufu iliyonichoma macho ilikuwa dreshi niliyolipia.

Tazama kwa namba. Gunia la kilo 50 la dreshi mbichi lina protini karibu kilo 2.75. Mashudu ya soya kilo 6 yana karibu kiasi hichohicho. Lakini kwenye dreshi ile lisini ni kama gramu 95, na kwenye soya ni gramu 165 au zaidi. Tena katika zile 95 kuna sehemu hupita hadi nje bila kusagwa, imefungwa na nyuzinyuzi. Kwa hiyo dreshi na machicha vinapunguza mahindi na kupunguza soya. Soya yenyewe haviiondoi. Anayekwambia ameacha soya kabisa mwombe akuonyeshe ngulube wake.

Kwetu Lubumbashi kuna msaada mwingine: kapenta, vile visamaki vidogo vikavu. Si zile nzuri za kula na bukari (ugali). Nenda soko la Kenya (mtaa wa hapa mjini, si nchi) jioni, uwaombe akina mama wauzaji vumbi na vichwa vinavyobaki chini ya gunia. Ni bei ndogo, lisini ni nyingi, na kalsiamu ya mifupa imo. Chunga chumvi na mchanga: weka kidogo kwenye glasi ya maji, koroga, uone kinachotuama.

Mchanganyiko wangu

Huu ni wa ngulube wa kilo 30 hadi 60, kwa kilo 100 za chakula kikavu:

mahindi yaliyosagwa, kilo 50
pumba za mahindi, kilo 15
dreshi iliyokaushwa, kilo 15
mashudu ya soya, kilo 14
vumbi la kapenta, kilo 4
chokaa ya mifugo, kilo 1.2
chumvi, kilo 0.4
vitamini na madini ya dukani, kilo 0.4

Protini hutoka kati ya 17 na 18 kwa 100, na lisini juu kidogo ya 0.8. Ngulube wa kizungu wa kasi kubwa angetaka lisini zaidi. Wangu wamechanganyika na wa kienyeji, na kiasi hiki kinawatosha. Zile kilo 15 za dreshi kavu ni kama kilo 60 za mbichi. Ukitumia mbichi, punguza ndoo ya maji ya kuchanganyia, usipunguze chakula kingine. Kapenta ikiwa na chumvi nyingi, acha chumvi ya orodha. Soya ukiwa nayo nzima badala ya mashudu, ipike au ichome kwanza: mbichi ina kitu kinachozuia protini kusagwa.

Chokaa usiiruke. Machicha na dreshi vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na mifupa inataka kalsiamu izidi fosforasi kidogo. Bila hiyo utaona ngulube mkubwa anatembea kwa kuchagua miguu. Nasema chokaa ya mifugo, unga wa jiwe la chokaa, si chokaa ya kupaka ukuta.

Machicha ya mahindi nayatumia mahali pa maji ya kuchanganyia: lita 2 kwa ngulube wa kilo 40, asubuhi tu, juu ya unga mkavu. Maji safi yanabaki siku nzima upande wa pili wa zizi. Usidhani machicha yameyachukua mahali pake. Asidi ya machicha ilitafuna hori langu la saruji mpaka kokoto zikatokeza kama meno, kwa hiyo sasa natumia matairi yaliyokatwa katikati. Hayajawahi kunilalamikia.

Watoto wa ngulube siwapi chochote cha haya mpaka juma la 3 baada ya kuachishwa ziwa, kisha naanza na dreshi 5 kwa 100. Jike mwenye mimba ndiye rafiki wa kweli wa dreshi: utumbo wake umekomaa, hatakiwi kunenepa sana, na nyuzinyuzi humpa shibe na kuzuia choo kigumu. Huyo nampa hadi theluthi moja ya ukavu wa mlo wake. Akishazaa narudisha hadi 10, kwa sababu sasa anatengeneza maziwa ya watoto 9 na tumbo lililojaa maganda ya shayiri halina nafasi ya nguvu anayoihitaji.

Kiangazi na masika

Kuanzia Mei hadi Septemba Lubumbashi hukausha bure. Tandaza dreshi juu ya mabati, unene wa vidole viwili, geuza mara nne kwa siku. Siku 2, ikizidi 3, na inalia kama mchanga mkononi. Agosti funika kwa chandarua, vumbi la barabara lisije likawa sehemu ya mlo. Ihifadhi kwenye magunia juu ya mbao.

Mvua zikianza, mabati hayafai. Dreshi mbichi huanza kuharibika siku ya 3, joto likizidi hata mapema. Hapo naishindilia kwenye pipa la plastiki la lita 200. Kwa kila kilo 100 za dreshi natupia kilo 10 za pumba zinywe maji ya ziada. Weka tabaka la shubiri moja, kanyaga kwa buti safi mpaka hakuna mahali panapobonyea, weka jingine. Hewa ndiyo adui. Jaza hadi mdomoni, funika kwa plastiki nene, weka mawe. Baada ya siku 21 ina harufu ya siki tamu na hukaa miezi. Ukishafungua, kata uso wote kila siku, usichimbe shimo katikati, na sehemu yenye kuvu itupe mbali na zizi.

Machicha ya lutuku hayahifadhiki kwangu. Siku 2, basi.

Kuvu na pesti

Mahindi yanayokwenda kwenye lutuku si yale bora. Ni yaliyolowa na kutobolewa. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemshwa, wala haipandi na mvuke kwenda kwenye chupa; inabaki kwenye machicha, na kwa hesabu ileile ya mafungu matatu inaweza kuongezeka mara tatu. Mahindi yaliyokuwa na sumu ndogo ya kuvumilika huacha machicha yenye sumu ya kuumiza. Februari moja niliona majike wangu wadogo, wa miezi 3 tu, wamevimba na kuwa wekundu nyuma kama wanaotaka dume. Veterineri aliuliza kuhusu mahindi kabla ya kumgusa mnyama. Nilirudi kwa mpishi, akakiri alinunua magunia yaliyonyeshewa. Nilisimamisha machicha yale, na baada ya majuma mawili uvimbe ulikuwa umeshuka. Sasa kabla ya kulipa naomba kuona konzi ya mahindi yenyewe, siyo pipa.

Pesti ya ngulube ya Afrika (homa ya nguruwe) haina dawa, na machicha yenyewe, yakiwa yamechemka, hayaileti. Bido ndiyo inaileta. Mpishi mmoja ana wateja watano wa ngulube, bido zinabadilishana, moja imetoka kwenye zizi lenye ugonjwa, imerudi kwa mpishi, imekuja kwako. Bido zangu nimezipaka rangi ya njano na haziingii zizi la mtu mwingine. Zikifika huoshwa kwa sabuni na maji ya javeli (dawa ya klorini) nje ya uzio, na kijana wa kinga haingii ndani hata akiwa na kiu, maji tunamtolea nje. Masalio ya jikoni yenye nyama ya ngulube hayachanganywi humo kamwe.

Jumapili ni siku ya utepe

Sina mizani ya kupima ngulube mzima, lakini nina utepe wa fundi cherehani. Mzungushe nyuma ya miguu ya mbele upate kifua, kisha pima kutoka katikati ya masikio hadi mwanzo wa mkia. Kwa mita: kifua mara kifua, mara urefu, mara 69.3, utapata kilo. Kifua 0.80 na urefu 0.85 ni kilo 37 na kitu. Pima kabla ya kula, mnyama akisimama kichwa sawa. Mwaka wa kwanza wangu waliongeza gramu 150 kwa siku. Sasa wengi wanapita 450, na juma ambalo namba inashuka naanza kwa kukausha kilo moja ya dreshi upya. Mara nyingi gari lilikuja na maji mengi kuliko kawaida.

Wanaokwenda sokoni Desemba nawaondolea machicha ya mahindi mwanzoni mwa Novemba. Mafuta ya mahindi hulainisha mafuta ya ngulube, na yanahitaji majuma 3 au 4 kurudi kuwa magumu. Mchinjaji wangu hana habari ya asidi wala lisini. Hukandamiza mafuta ya mgongo kwa kidole gumba, akatazama kama alama inabaki, ndipo anataja bei.